Mizani ya Bentham Nyumbani

Mwaka 1789 kilitoka mjini London kitabu cha Jeremy Bentham, msomi wa sheria aliyeiacha mapema kazi ya mahakamani ili ashughulikie jambo aliloliona kubwa zaidi, nalo ni kuzitafutia sheria zenyewe kipimo. Na kipimo alichokitoa kilikuwa chepesi kutamka na kizito kutenda, yaani kwamba tendo huwa jema kwa kadiri linavyowazidishia furaha na kuwapunguzia maumivu wote linaowagusa, na kwamba katika hesabu hiyo kila mtu ni mmoja tu, awe sultani au hamali. Hata wanyama, kwa kuwa nao huumia, aliwatia hesabuni. Kwa watunga sheria sina ugomvi na kipimo hiki, maana adhabu isiyozuia uhalifu wala kumtengeneza mhalifu ni maumivu matupu, na ni heri ifutwe. Ninalolitazama hapa ni jambo jingine, la mtu kukichukua kipimo hicho kutoka barazani pa serikali na kukifanya kiongozi wa mwenendo wake mwenyewe.

Tuseme umeletewa kadi ya mchango wa harusi, kwa kuwa binti wa shangazi yako anaolewa na kamati imekwisha kaa, nawe watazamiwa kuahidi shilingi laki moja. Na wakati huo huo wajua kwamba mtoto wa mpangaji mgeni mtaani mwako, asiye na nasaba nawe, amelala na homa kwa kuwa mamaye hana fedha ya dawa. Bentham angekutaka uulize mambo saba: raha yenyewe ina nguvu gani, itadumu muda gani, ina yakini kiasi gani, i karibu au i mbali, itazaa raha nyingine au la, imesalimika na maumivu au imechanganyika nayo, na itawafikia wangapi. Kwa hesabu ya haraka, laki ya harusini ni sahani chache za pilau na kreti za soda zitakazokwisha kabla maharusi hawajamaliza kupigwa picha, ilhali laki ya dawa humwondolea mtoto maumivu na mamaye hofu, na huenda ikainusuru roho yake. Lakini mwenye kuhesabu sawasawa hatakomea hapo, kwani mchango nao huzaa: siku utakapofiwa au kulazwa hospitali, jamaa hao hao ndio watakaopitisha daftari kwa ajili yako. Wazee wetu hawakuwa majuha wa hesabu. Walijua vyema nani atamfaa nani na lini, ila waliihesabu furaha ndani ya mipaka ya damu na mazoea. Bentham aliifuta mipaka, na hapo ndipo penye uchungu.

Aliyeufikisha uchungu huo kileleni ni William Godwin, ambaye katika kitabu chake cha 1793 alitoa mfano wa moto: ndani yake yumo Askofu Mkuu Fénelon, ambaye maandishi yake yangewafaa maelfu, pamoja na mtumishi wa kike, wala haiwezekani kuokolewa ila mmoja. Godwin akahukumu aokolewe askofu. Na ikiwa mtumishi ni mama yake mzazi, hukumu haibadiliki. Alishutumiwa sana, na katika matoleo ya baadaye mtumishi akageuzwa kuwa wa kiume, na mama akawa baba au ndugu, kana kwamba ila ya mfano ule ilikuwa jinsia ya mwenye kuungua!

Katika zama zetu mwenye kuishika rai hii kwa nguvu ni Peter Singer wa Australia, aliyeandika mwaka 1972, kwa sababu ya njaa na dhiki ya wakimbizi wa Bengali Mashariki, kwamba umbali haumpunguzii mwenye ziada wajibu wake. Tusiharakishe kumcheka, maana fedha za watu wenye fikra kama hiyo zimenunua dawa za minyoo kwa watoto wa Kenya, baada ya uchunguzi wa Busia uliochapishwa mwaka 2004 kuonyesha kwamba dawa hiyo ya bei ndogo ilipunguza siku za kukosa shule kwa robo. Lakini mamaye Singer aliposhikwa na maradhi ya kusahau uzeeni, yeye na dada yake waliwalipa wauguzi wa kumtunza, kwa fedha ambazo kwa hesabu yake zingewafaa wengi zaidi kwingineko, na alipoulizwa alikiri kwamba mambo ni magumu zaidi yanapomhusu mama. Wapo waliomwona mnafiki. Mimi namheshimu zaidi kwa hilo, na nadhani upungufu ulikuwa katika hesabu.

Mintarafu ya upungufu huo, shahidi bora ni John Stuart Mill. Babaye, rafiki wa Bentham, alimwanzisha Kiyunani akiwa na miaka mitatu na Kilatini akiwa na minane, na alipomsoma Bentham katika ujana wake alijiona kama aliyepata dini. Mwaka 1826, akiwa na umri wa miaka ishirini, alijiuliza: lau mageuzi yote anayoyapigania yangetimia saa ile ile, je, angefurahi? Nafsi ikamjibu, la. Akazama katika simanzi ya miezi kadhaa, huku akiendelea kwa mazoea tu na kazi yake katika Kampuni ya India ya Mashariki, hadi siku moja, akisoma kumbukumbu za Mfaransa Marmontel mahali anaposimulia kifo cha babaye, machozi yakamtoka, na nafuu ikaanza. Tangu hapo alishika kwamba furaha haimjii anayeiwinda, bali humkuta njiani aliyeshughulika na jambo jingine.

Wala hakuitupa mizani. Katika makala zake za 1861 alieleza kwamba aghalabu mtu hahitaji kuwafikiria ila wale wachache anaowagusa, na kwamba nahodha hatweki tanga bila hesabu zilizokwisha fanywa pwani. Kutunza wazazi, kulipa deni na kutimiza ahadi ni hesabu za namna hiyo, zilizokwisha fanywa na vizazi vingi, na mizani itolewe pale tu wajibu mmoja unapogongana na mwingine, kama ule wa kadi na homa. Pahali pengine alipoitumia Mill bila kusita ni Bungeni, alikoingia mwaka 1865: ikiwa kila mtu huhesabiwa mmoja, wanawake wamehesabiwa wapi? Tarehe 20 Mei 1867 alitaka mswada wa uchaguzi uwape haki ya kura, wabunge 73 wakamuunga mkono na 196 wakakataa.