Waya Usioupinga Umeme

Mkipita Misungwi kwa barabara ya Mwanza kwenda Shinyanga mtaona nyaya za umeme. Umeme haupiti humo bure: waya huupinga, na sehemu ya nguvu hupotea ikawa joto. Ndivyo pasi ya umeme inavyopata moto.

Je, kuna waya usiopinga? Upo. Mwaka 1911, huko Uholanzi, Bwana Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki mpaka karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, na upinzani ukatoweka kabisa. Mwaka 1957 Wamarekani watatu, Bardeen, Cooper na Schrieffer, walieleza sababu: katika baridi kali elektroni hushikana mbili mbili, zikapita bila kukwama. Lakini kauri zilizovumbuliwa huko Uswisi mwaka 1986 hufanya hivyo katika baridi iliyo pungufu, na siri yake wataalamu wangali wakiitafuta.

Metali moja ya namna hii ni niobi, ambayo mawe yake yamo katika Kilima cha Panda, karibu na Mbeya. Waya wa niobi na titani ndio sumaku ya mashine nyingi za MRI, zipigazo picha ya ubongo na uti wa mgongo.

Basi, angalieni! Sumaku hiyo haizimwi hata usiku, maana umeme wake wazunguka bila kuchoka. Mgonjwa wenu akipelekwa huko, avue saa, pini na rozari ya chuma. Kama ana chuma mwilini, amwambie daktari mapema. Asione haya, kunyamaza kwaweza kumdhuru vibaya.