Vyuo vikuu vinahitaji mameneja, na soko la kuwafundisha bado ni dogo

Mwalimu anayeandaliwa kuwa mkuu wa shule Tanzania hupelekwa Bagamoyo, kwa Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu (ADEM), akajifunze mipango, fedha na kusimamia watu. Kenya wana taasisi ya KEMI kwa kazi hiyohiyo. Profesa anayekabidhiwa chuo kikuu kizima, chenye maelfu ya wanafunzi, mabweni, zahanati, mashamba na orodha ndefu ya mishahara, hana Bagamoyo yake. Amepanda kwa machapisho: mhadhiri, mkuu wa idara, amidi, naibu makamu mkuu wa chuo. Bingwa wa magonjwa ya mihogo anajikuta mezani na benki akijadili deni la mabweni, wala hakuna aliyewahi kumfundisha kusoma mizania.

Pengo hilo ndilo soko la shahada ya uzamili ya utawala na uongozi wa elimu ya juu. Wamarekani walianza mapema. G. Stanley Hall alifundisha somo la elimu ya juu pale Clark University mwaka 1893, na leo shahada hii kwao ni njia ya kawaida ya kuingia ofisi za udahili, usajili na ustawi wa wanafunzi. Ghana, Chuo Kikuu cha Cape Coast kina taasisi ya mipango na utawala wa elimu iliyoanzishwa 1975, nayo hutoa uzamili wa utawala wa elimu ya juu. Kwetu, Makerere ina skuli ya taaluma za elimu ya juu inayobeba jina la Afrika Mashariki. Nje ya hapo, anayeitaka fani hii mara nyingi huishia kwenye uzamili wa utawala wa elimu uliotungwa kwa kufikiria shule za msingi na sekondari: ukaguzi, mitaala, nidhamu.

Gharama ya pengo hili inaonekana wazi zaidi Kenya. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia, mpango uliojulikana kama Module II, na vyuo vingine vikaufuata. Karo ya mwanafunzi wa serikali ilikuwa imeganda kwenye shilingi 16,000 kwa mwaka, kwa hiyo wa kujilipia ndiye aliyeleta fedha. Vyuo vikakodi majengo mji baada ya mji, vikaajiri, vikajenga. Mwanzoni mwa 2013 Rais Mwai Kibaki akatoa hati kwa kundi zima la vyuo vishiriki vikawa vyuo vikuu kamili. Kisha ukaja mtihani wa KCSE, wa kumaliza sekondari, wa 2016, uliosimamiwa kwa mkono wa chuma baada ya miaka ya udanganyifu. Waliopata A nchi nzima walikuwa 141. Waliofikisha C+, alama ya chini ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 88,929, idadi ambayo serikali iliweza kuwapangia nafasi wote kwa gharama yake. Wa kujilipia angetoka wapi tena?

Mapato yakakauka, gharama zikabaki palepale. Mishahara ilipochelewa, vyuo vikaanza kukata kodi, pensheni na akiba za sacco kwenye mishahara bila kuzifikisha zinakotakiwa. Madeni ya vyuo vya umma yamepita shilingi bilioni 60. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa 1984 na ambacho mwaka 2007 kilinunua hadi kiwanda cha nguo cha Rivatex mjini Eldoret, mwaka 2024 kilisimama kwa miezi kadhaa kwa mgomo. Mfumo mpya wa ufadhili ulioletwa 2023 ukatamkwa na Mahakama Kuu, Desemba 2024, kuwa unakiuka katiba, na mvutano ukahamia Mahakama ya Rufaa.

Serikali ina sehemu yake kubwa katika hili, kwa kuwa haikutoa ruzuku iliyostahili. Hata hivyo, nusu ya bajeti haiwekwi juu ya matokeo ya mtihani mmoja unaosimamiwa na mtu mwingine, na wala halihitajiki jicho la kinabii kuiona hatari hiyo. Mpangaji aliyefundishwa angeuliza: wakipungua kwa theluthi, jengo hili tulilokodi miaka kumi tutalilipa na nini?

Basi shahada hii ifundishe maswali ya namna hiyo. Mwanafunzi mmoja wa udaktari anagharimu kiasi gani ukimlinganisha na wa ualimu? Fedha za Bodi ya Mikopo zikichelewa majuma sita, chuo kinaishi vipi, na mshauri wa wanafunzi anawaambia nini vijana ambao bumu, posho yao ya mkopo, halijaingia? Sharti la uwiano wa wahadhiri na wanafunzi linatimizwaje kabla mkaguzi hajagonga mlango? Julai 2017 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na chuo binafsi kinachokosa mwaka mmoja wa udahili hukosa karo ya kundi hilo kwa miaka mitatu au minne.

Darasani wakae nani? Nadhani tunakosea tukiwafikiria makamu wakuu wa vyuo peke yao; hao wana umri, wana kazi, na watatosheka na kozi fupi. Wanaohitaji shahada hii ni msajili msaidizi, mhasibu wa kitivo, ofisa udahili, amidi aliyeteuliwa juzi. Ndio wanaobaki viongozi wanapobadilika. Wengi wao wana familia na mshahara wa kawaida, kwa hiyo programu ya jioni au ya likizo itawapata. Ya kutwa itawakosa. Zaidi ya yote, watauliza cheti hicho kitawapandisha wapi. Pale ambapo muundo wa utumishi hauitambui shahada hii, chuo kitatangaza kozi na viti vitabaki vitupu, hata mtaala uwe mzuri namna gani.

Tanzania ina nafasi ya kulitatua hili sasa. Kwa mradi wa elimu ya juu wa HEET, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, kampasi mpya zinajengwa mikoani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Lindi na Kagera, Mzumbe Tanga, Muhimbili Kigoma, Ardhi Mwanza. Kila moja itahitaji rasi, msajili, mhasibu, msimamizi wa mabweni. Katika mkopo huo, zege na vyuma vimeshapata bajeti. Mabaraza ya vyuo yanaweza kuandika sifa ya utawala wa elimu ya juu kwenye matangazo ya nafasi hizo kabla ya kampasi kufunguliwa, na kuwatuma masomoni watakaozijaza wakati mafundi bado wako juu ya paa.