Mberoshi wa Krismasi Bado Una Kiu

Kila Desemba, kandokando ya barabara za Nairobi na Arusha, miberoshi michanga huegemezwa ukutani ikisubiri wanunuzi. Ikifika nyumbani, watoto hukimbilia taa, puto na nyota ya kileleni. Maji hukumbukwa mwisho, pengine yasikumbukwe kabisa. Ni kosa, kwa sababu mti uliokatwa haujafa. Una kiu, na saa chache za mwanzo ndizo zinazoamua kama utaweza kunywa.

Mberoshi huu, ambao asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, uliletwa kwetu enzi za ukoloni kwa ajili ya mbao. Majani yake ni magamba madogo yaliyolaliana, yenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji yakitoka humo kama mvuke, huyavuta yaliyo nyuma yake, na mvuto huo hushuka hadi mizizini. Kwa hiyo maji ndani ya shina yanavutwa kutoka juu, hayasukumwi kutoka chini. Shina likikatwa tu, maji yaliyo kwenye jeraha hurudi ndani na hewa huyafuata.

Hapo ndipo mti unaponishangaza. Mberoshi hauna mirija mirefu ya maji. Una seli nyembamba zisizohesabika, kila moja ikiwa na urefu wa milimita chache tu, zinazopokezana maji kupitia matundu ya ubavuni. Katikati ya kila tundu pana kisahani kidogo kilichoning'inizwa kwa nyuzi laini. Hewa ikivamia seli moja, kisahani huvutwa upande wa pili na kuziba tundu kama koki iliyofungwa. Hewa huishia karibu na jeraha. Sehemu iliyoziba ni fupi. Juu yake njia za maji bado ziko wazi.

Basi, kabla ya pambo lolote, kata tena sentimita 2 au 3 za chini kwa msumeno mkali, kisha tumbukiza shina majini papo hapo. Usilichonge pembeni ili lienee kwenye ndoo, maana maji hupita katika mbao changa zilizo chini tu ya gome. Ukizichonga, umekata njia yenyewe.

Wengi wetu husimamisha mti kwenye ndoo ya udongo, tukaizungushia karatasi ya zawadi. Hupendeza, lakini udongo ukianza kukauka hung'ang'ania maji yake na mti hukosa. Afadhali kukaza shina kwa mawe na kujaza maji, kisha kuongeza kila siku, hasa siku za mwanzo mti unapokunywa sana. Maji yakishuka chini ya mkato, hewa huingia upya na msumeno utahitajika tena. Sukari na asprini ziache jikoni. Gary Chastagner wa Washington State University, Marekani, aliyechunguza miti ya Krismasi kwa miongo kadhaa, anashauri maji matupu.

Kisha taa. Chagua za LED, kwa sababu balbu za zamani zenye waya ndani hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, na joto hukausha majani. Ile harufu nzuri inayojaza sebule hutokana na kemikali nyepesi za utomvu, jamii moja na tapentaini, nazo hushika moto upesi. Mti wenye maji ni mgumu kuwaka. Uliokauka huweza kuteketea kwa sekunde chache.

Rangi isikudanganye, majani yanaweza kubaki kijani ilhali yamekauka. Kunja kitawi kidogo kila asubuhi. Kikipinda, ongeza maji uendelee na sherehe. Kikivunjika kwa mlio, zima taa, vua mapambo na utoe mti nje siku hiyohiyo, hata kama Mwaka Mpya haujafika.