Walipiga Msamba Juu ya Ngazi, Hollywood Ikawanyima Usteringi

Kama unashinda kwa simu ukicheki madensa, kuna uwezekano mkubwa hii klipu imeshakupitia. Ni ya kitambo, haina rangi. Bendi inachapa ngoma, halafu machali wawili waliopiga luku safi, suti nyeusi na tai ya kipepeo, wanaruka juu ya meza. Kutoka hapo hakuna kupumua. Wanapita katikati ya wanabendi wakiruka, wanapanda juu ya piano, wanashuka kwa msamba.

Halafu wanafika kwa ngazi kubwa nyeupe. Mmoja anaruka juu ya kichwa cha mwenzake na kutua ngazi ya chini kwa msamba, miguu imefunguka mbele na nyuma. Kabla hajainuka, mwenzake anampitia juu na kutua ngazi inayofuata, msamba tena. Wanapokezana hivyo hadi chini, na wakiinuka hawashiki chochote kwa mikono.

Hapa ndipo wasee kwa komenti huanza kubishana eti ni kompyuta. Manze, hiyo ni 1943. Hakukuwa na kompyuta ya kumsaidia mtu kuruka. Muvi inaitwa Stormy Weather, mwenye bendi ni Cab Calloway, na hao machali ni ndugu wa damu: Fayard na Harold Nicholas. Muvi ilipotoka, Fayard alikuwa na miaka 28 na Harold 22. Fayard mwenyewe alisimulia kwamba mwalimu wao wa densi, Nick Castle, aliwaambia wasifanye hata mazoezi ya hiyo sehemu, waingie tu wapige. Wakapiga mara moja, ikaisha.

Sasa swali. Kama walikuwa wakali hivyo, mbona wengi wetu tunajua jina la Fred Astaire na Gene Kelly, lakini hao ndugu tunawajua tu kama "wale wasee wa ngazi"?

Densi ilianza baada ya ngoma kupigwa marufuku

Densi yenyewe inaitwa tapu. Ndula zina vipande vya chuma chini, kimoja mbele na kimoja kwa kisigino, na densa anapiga sakafu kama mtu anayepiga ngoma. Ukiisikia vizuri utagundua msee wa tapu ni vitu viwili kwa wakati mmoja: ni densa na pia ni mwanamuziki.

Mizizi yake ni ya uchungu. Mwaka wa 1739 watumwa Waafrika waliasi huko Stono, South Carolina, wakaandamana wakipiga ngoma kuwaita wenzao. Wazungu wakashtuka. Sheria ya mwaka uliofuata ikawakataza watumwa kuwa na ngoma kabisa. Sasa ukinyang'anywa ngoma, unabaki na nini? Unabaki na mikono, mapaja, kifua na miguu. Watu wakaanza kupiga mdundo kwa mwili wao.

Miaka mingi baadaye, kwenye mitaa ya masikini ya miji kama New York, midundo hiyo ikakutana na densi za wahamiaji kutoka Ireland, ambao pia walikuwa moto kwa miguu. Walikuwa wanashindana nani atamshinda nani, na kila mtu anaiba stepu ya mwenzake. Hapo ndipo tapu ikazaliwa. Kwetu Afrika kuna binamu yake: wachimba migodi wa Afrika Kusini waliokuwa wakiongea kwa kupiga gambuti zao. Mdundo ni ule ule wa mtu aliyenyamazishwa.

Kamera ilimpenda nani

Muvi zilipopata sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, Hollywood ikaona tapu ni dhahabu. Hapo mwanzo madairekta walikuwa wanaikata vipande: mguu hapa, uso pale, wasichana 50 wakichukuliwa kutoka juu. Ilikuwa inapendeza, lakini huwezi kujua kama densa anajua kazi ama anasaidiwa na mkasi.

Fred Astaire ndiye aliyeleta rada mpya. Alitaka kamera imwonyeshe kutoka kichwa hadi kidole cha mguu, na ikimfuata isikatwe-katwe. Kwa hivyo ukicheki Top Hat ya 1935 ama Swing Time ya 1936, pale anapodensi na Ginger Rogers, unaona kila stepu na unaona pia wakikosea hakuna pa kujificha. Dame alikuwa anafanya yote hayo akiwa na viatu vya kisigino. Heshima zake.

Kuna siri moja ya hizo muvi ambayo wengi hawaijui: sauti ya ndula unayoisikia, mara nyingi haikurekodiwa wakati wa kupiga picha. Muziki ulirekodiwa kwanza, ukachezwa kwa spika, densa akadensi. Baadaye alirudi studio, akavaa vifaa vya masikio, akajitazama kwa skrini na kupiga stepu zote upya mbele ya maikrofoni. Fikiria kudensi dakika tatu za moto, halafu unaambiwa urudie zote bila kupotea hata mdundo mmoja.

Lakini rudi kwa Swing Time. Ndani yake kuna ngoma inaitwa Bojangles of Harlem, na humo Astaire amejipaka rangi nyeusi usoni. Ilikuwa imekusudiwa kuwa salamu kwa mkongwe wa tapu, Bill Robinson, ambaye watu walimwita Bojangles. Hebu waza. Robinson alikuwa hai, alikuwa anadensi, na alikuwa hapo hapo Hollywood. Badala ya yeye kupewa hiyo nafasi, akaigizwa na Mzungu aliyepakwa rangi.

Robinson mwenyewe, aliyezaliwa 1878, alikuwa bingwa wa kudensi kwa ngazi, kila ngazi akiitoa sauti yake. Mwaka wa 1935 alifanya hiyo kitu kwa muvi The Little Colonel pamoja na Shirley Temple, mtoto wa miaka 6. Wakawa watu wa kwanza, mweusi na mweupe, kudensi kama wawili kwenye muvi ya Hollywood. Hata hivyo yeye aliigiza mtumishi wa nyumba, na kwenye majimbo ya kusini mwa Marekani sehemu ambayo wanashikana mikono iliondolewa. Mzee na mtoto kushikana mikono kulikuwa ni ngori.

Mkasi wa kusini

Hapa ndipo stori ya Fayard na Harold inaingia.

Wazazi wao walikuwa wanamuziki, wakipiga kwenye bendi ya ukumbi mmoja Philadelphia. Fayard alikuwa anakaa mbele kabisa akiwacheki madensa wanaopita pale, akirudi nyumbani anajaribu. Hakuwahi kwenda shule ya densi. Alijifunza kwa macho, kisha akamfundisha mdogo wake. Kufikia 1932 walikuwa wanapiga shoo Cotton Club, Harlem, Fayard akiwa na miaka 18 na Harold 11. Klabu hiyo ilikuwa na wasanii weusi kwa jukwaa, lakini wateja waliokaribishwa mezani walikuwa Wazungu.

Hollywood ikawaona, ikawaita. Down Argentine Way, 1940. Sun Valley Serenade, 1941. Orchestra Wives, 1942, ambapo Harold anakimbia kwa ukuta kama ni barabara, anajipindua nyuma hewani na kutua kwa msamba. Ukizicheki hizo muvi utagundua kitu cha ajabu. Hao ndugu wanatokea tu ghafla. Hawana stori, hawaongei na steringi, hawapendi mtu, hawagombani na mtu. Wanaingia, wanachoma jukwaa dakika chache, wanapotea. Muvi inaendelea kama vile hawakuwepo.

Haikuwa bahati mbaya. Studio zilijua kwamba kumbi za kusini hazikutaka kuona watu weusi wakipewa heshima kwa skrini. Kwa hivyo wasanii weusi walipewa sehemu zilizosimama peke yao, ili mwenye ukumbi akitaka, akate hicho kipande, aunganishe filamu, na stori isiharibike. Mwimbaji Lena Horne alifanyiwa hivyo hivyo kwa muvi nyingi. Yaani unapewa kazi, lakini kazi yenyewe imeshonwa ili iwe rahisi kukutoa.

Stormy Weather ilikuwa tofauti kwa sababu karibu kila mtu ndani yake alikuwa mweusi: Lena Horne, Fats Waller, Katherine Dunham na kikosi chake, Cab Calloway, na Bill Robinson mwenyewe akiwa steringi, umri umeshapita miaka 60. Ukitaka kukata watu weusi hapo, utabaki na bango tu. Ndiyo maana ndugu wa Nicholas waliachiwa jukwaa zima, bendi nzima na ngazi nzima. Inasimuliwa kwamba Fred Astaire aliwaambia hiyo ndiyo shoo kali zaidi ya densi aliyowahi kuona kwa muvi. Na Astaire hakuwa mtu wa kupeana sifa kama peremende.

Ungedhani baada ya hapo simu zingelia. Wapi. Mwaka wa 1948 walidensi na Gene Kelly kwa The Pirate, mweusi na mweupe bega kwa bega, na miji kadhaa ya kusini ikatoa hicho kipande. Miaka minne baadaye Kelly akafanya Singin' in the Rain, ile ya kudensi na mwavuli, aliyoipiga akiwa na homa kali, na jina lake likakaa milele. Ndugu wa Nicholas hawakuwahi kupewa usteringi Hollywood hata mara moja. Wakatafuta riziki kwa majukwaa ya nje, na Harold akakaa Ufaransa miaka kadhaa.

Mkasi ukageuka baraka

Lakini cheki vile dunia huzunguka. Kile kipande kilichotengenezwa ili kikatwe na kutupwa, ndicho kinachoishi leo. Muvi nyingi za miaka hiyo zimesahaulika. Nani leo ana saa nzima na nusu ya kukaa na Orchestra Wives? Lakini dakika chache zisizohitaji stori, zinazoanza na kuisha zenyewe, hizo zinaingia kwa simu kama zilipimwa. Studio ziliwakata kutoka kwa muvi, na bila kujua zikawatengenezea klipu miaka mingi kabla ya klipu kuwa kitu.

Heshima nayo ilikuja, ingawa ilichelewa. Mwaka wa 1989 Fayard alishinda tuzo ya Tony kwa kazi yake kwenye shoo ya Black and Blue, na Harold akatokea kwa muvi ya Tap pamoja na Gregory Hines na Sammy Davis Jr. Mwaka uliofuata Janet Jackson aliwaweka pamoja na Cab Calloway kwa video ya Alright. Mwaka wa 1991 wote wawili wakapewa tuzo ya Kennedy Center, ambayo ni kati ya heshima kubwa zaidi kwa msanii Marekani. Harold alifariki 2000, Fayard akafuata 2006. Na siku ya kuzaliwa ya Bojangles, Mei 25, ndiyo siku ya tapu Marekani, ingawa mzee mwenyewe alikufa 1949 akiwa amesota.

Ukitaka kuanza, anza hapa

Usianze na muvi nzima kama hujazoea. Anza na vipande, halafu ukibambika ndio utafute muvi yenyewe.

Kwanza, ile ngoma ya Jumpin' Jive kwa Stormy Weather. Icheki mara mbili: mara ya kwanza ushangae, mara ya pili uangalie mikono yao. Miguu inafanya vita lakini mikono imetulia kama ya mtu anayekaribisha wageni. Hapo ndipo ukali wao ulipo.

Pili, Harold akipanda ukuta kwa Orchestra Wives. Tatu, Bojangles na Shirley Temple kwa ngazi. Funga macho usikilize kwanza, utasikia kila ngazi ikiongea. Nne, Astaire na Rogers kwa Top Hat, uone vile kamera inafaa kumheshimu densa. Tano, Gene Kelly na Donald O'Connor kwa Singin' in the Rain wakimsumbua mwalimu wa matamshi, sehemu ya kuchekesha ambayo ndani yake kuna tapu nzito.

Na ukiwa pale kwa ngazi ya 1943, kumbuka hao machali walikuwa wanaruka wakijua kuna mtu mahali fulani ameshika mkasi. Bado wakaruka. Bado wakatua pamoja, wakainuka bila kushika chini, wakatabasamu.

Wewe je, kwa mbogi yako ya densi kuna mwenye anaweza kujaribu hata ngazi moja? Asijaribu kwa ngazi za ploti lakini. Mathe asituulize sisi.