Picha Iliyotundikwa Mkahawani

Mama msomaji, kazi ya mikono yaweza kuwanufaisha wengi kuliko aliyeifanya.

Mwaka 1977 Clifford Possum Tjapaltjarri, Mwaborijini wa jangwa la kati la Australia, alichora picha kubwa iitwayo Warlugulong. Ndani yake mna kisa cha kale: wana wawili walikula nyama ya kangaruu bila kumgawia baba yao. Baba akawasha moto, ukawaua.

Benki ya Commonwealth iliinunua kwa dola 1,200 za Australia, ikaitundika katika mkahawa wa chuo chake cha mafunzo. Mwaka 1996 iliuzwa mnadani kwa dola 36,000. Mchoraji alifariki mwaka 2002. Miaka mitano baadaye, Jumba la Taifa la Sanaa, Canberra, lililipa dola milioni 2.4.

Wakati huo sheria haikuwapa warithi wake fungu lolote. Tangu Juni 2010, sheria mpya huwapa wasanii au warithi wao asilimia 5 katika mauzo mengi ya namna hiyo.

Ukiwasimulia wanao kisa cha wale wachoyo wawili, wasimulie pia safari ya picha yenyewe. Wataelewa wenyewe.