Kava ninalo, lakini liko uvunguni!

Usiombe mvua ya Aprili ikukute Posta na pikipiki yako haina pa kujificha.

Siku hiyo niliegesha nje ya ofisi asubuhi, jua linawaka, hata wingu la kusingizia hakuna. Saa nane mchana mbingu zikafunguka. Masika ya Dar mnaijua, haipigi hodi. Nikasimama dirishani naiangalia pikipiki yangu inavyooga, na moyoni najua kabisa kwamba ninalo turubai zuri, zito, la bei mbaya. Liko wapi? Liko Sinza, uvunguni mwa kitanda, limekunjwa kama shuka la wageni.

Turubai lenyewe lilikuwa na uzito wa karibu kilo tatu, na likikunjwa linatosha kuwa mto wa kulalia. Wiki ya kwanza nililibeba kwa mbwembwe. Wiki ya pili nikawa nalibeba siku za mawingu tu. Wiki ya tatu, basi tena.

Jioni nikafuta siti, nikapiga kiki, ikawaka. Nikapitia kwa mama lishe kuchukua supu ya kuku, maana mama yangu alikuwa amelazwa na zamu ya chakula cha usiku ilikuwa yangu. Kufika Magomeni injini ikakohoa, ikashtuka mara mbili, kimya. Niko katikati ya barabara, nyuma watu wanapiga honi kama vile nimewazuia kwenda peponi.

Nikaisukuma mpaka kwa fundi. Jamaa akafungua mpira wa mafuta, akakinga kwenye chupa ya maji tupu, akainyanyua juu ya taa. Petroli juu, maji chini, yamejitenga kama wake wenza.

"Kaka, chombo chako kimekunywa mvua," akaniambia.

Kumbe pale kwenye mfuniko wa tenki kuna kitundu kidogo cha kupitishia maji. Changu kilikuwa kimezibwa na vumbi, maji yakatuama, yakapata njia ya kuingia ndani. Fundi akakizibua kwa waya, dakika moja tu. Lakini kumwaga mafuta na kusafisha kabureta kulichukua saa nzima na zaidi. Nafika hospitali, muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Supu niliila mwenyewe kwenye ngazi, kwa hasira, imeshapoa. Kesho yake mama alinitazama tu, akasema, "Mwanangu, hiyo pikipiki unaipenda, ila kuitunza hujui." Iliniuma kuliko honi zote za Magomeni.

Jumamosi nikaingia Kariakoo, upande wa Gerezani kwenye spea. Safari hii sikutafuta kava gumu, nilitafuta kava litakalokaa kwenye begi langu siku zote, jua au mvua.

Sasa washikaji, ukiambiwa makava mepesi utaona yameandikwa 190T, mengine 210D, mengine 300D. Usitishwe na hizo namba. T ni hesabu ya nyuzi zilizofumwa, za kwenda na za kukatisha, ndani ya mraba wa inchi moja. D ni unene wa uzi wenyewe: unapima gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000. Kwa hiyo 300D ina uzi mnene kuliko 210D, ni ngumu zaidi na nzito zaidi. Ile 190T ndiyo nyembamba ile inayokunjika kama mwamvuli. Halafu jueni kwamba kinachozuia maji siyo uzi, ni ule mpako wa plastiki uliopakwa kwenye kitambaa. Mpako ukibanduka, umebaki na pazia.

Muuza duka akaapa: "Bosi, hili hata tone halipiti." Nikamwambia sawa, tulijaribu. Akacheka, lakini akakubali. Tukalishika pembe nne, tukamimina maji kikombe kimoja katikati, juu ya mshono. Hapo ndipo penye siri, msomaji wangu. Kitambaa kilikauka vizuri chini, ila mshono ukaanza kulia machozi. Maji hupenya kwenye matundu ya sindano. Akatoa jingine, mishono yake imezibwa kwa utepe upande wa ndani. Hilo halikulia. Nililipa shilingi 25,000 baada ya kubishana sana, na halifiki hata kilo moja.

Kabla ya kulipa, pima. Mimi nilikwenda na futi kamba, nimeshapima kuanzia tairi la mbele mpaka taa ya nyuma, na upana wa usukani pamoja na vioo vyake. Kama una boksi nyuma, lihesabu. Kava dogo linaacha tairi nje na kuchanika kwenye vioo. Kubwa nalo linajaa upepo kama tanga la ngalawa, linapigapiga tenki mpaka rangi inapauka. Ndiyo maana mkanda wa kupita chini ya tumbo la pikipiki ni lazima, ule wenye kifungio cha kubana kama cha begi la mgongoni. Lastiki ya kwenye pindo peke yake haitoshi, hasa kwa mnaokaa karibu na bahari.

Na matundu mawili yenye pete za chuma karibu na tairi la mbele msiyadharau. Unapitisha mnyororo na kufuli humo. La sivyo utarudi ukute pikipiki ipo, kava limeondoka.

Mnadhani niliishia hapo? Wiki ile ile nikarudi nyumbani, kwa furaha ya mtu mwenye kitu kipya nikafunika papo hapo. Dakika mbili, harufu. Kava limeganda kwenye ekzosi kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Nikanunua la pili, hilo lina kiraka cha kitambaa kinachostahimili joto upande wa ekzosi. Hata hivyo nasubiri. Nadondoshea tone la maji kwenye ekzosi, likichemka naenda kunywa chai kwanza.

Kwa watu wa kwenda kazini na kurudi, kuna nusu kava. Linafunika usukani, tenki na siti tu, halifiki kwenye ekzosi kabisa. Likikunjwa ni kama chupa ya soda. Cheni na tairi zitalowa, sawa, lakini vitakauka njiani. Sponji ya siti ikinywa maji ndiyo utajuta wiki nzima, kila ukikaa suruali inatoa siri. Mimi mjini natumia hilo.

Kava zima nalipeleka safari. Desemba nilikwenda Lushoto, kile kipande cha kupanda kutoka Mombo chenye kona mpaka unajisalimia mwenyewe mgongoni. Nikalaza pikipiki uani gesti, kwenye majani, nikaifunika vizuri, nikalala kwa raha. Asubuhi nafunua, ndani kumelowa! Mvua haikunyesha. Ni unyevu wa ardhini, umepanda usiku, umekutana na kitambaa cha baridi, ukageuka maji. Kava lisilo na matundu ya kupumulia hukusanya jasho hilo, na kutu haiulizi maji yametoka wapi. Tafuta lenye vidirisha viwili vilivyofunikwa, kwa kawaida huwa sehemu ya usukani, na ukiweza egesha kwenye saruji.

Kosa jingine nililifanya hapo hapo. Nilikuwa na haraka, nikalikunja likiwa bichi. Kufika Dar lilinuka kama soksi za mwanajeshi, na baada ya miezi michache mpako wa ndani ukaanza kutoka vipande kama mba. Siku hizi likilowa nalitandaza kambani nikifika, hata kama ni saa sita usiku. Pia siifuniki pikipiki yenye vumbi bila kuifuta, maana vumbi chini ya kava ni msasa.

Rangi? Nimechagua ya fedha. Inarudisha jua, na usiku gari linaloingia uani linaiona. Nyeusi inapendeza, nakubali, lakini juani inapika.

Kwa hiyo begini mwangu sasa mna nusu kava, kufuli, na kipande cha waya alichonipa yule fundi cha kuzibulia kitundu cha tenki. Mama alitoka hospitali zamani, na mawingu yakikusanyika ananipigia simu kuuliza kama nimebeba.

Lile turubai la kilo tatu? Mama mwenye nyumba aliliomba masika iliyofuata afunikie mkaa wake. Halijarudi, na wala silidai.