Je, Wajua? Bingwa wa Barafu Aliyekulia Kwenye Joto

Je, wajua kwamba bingwa wa Olimpiki wa mbio za mita 500 kwenye barafu, Beijing 2022, alijifunza kazi yake kwenye lami? Anaitwa Erin Jackson, mzaliwa wa Ocala, Florida, jimbo la Marekani lenye sifa ya jua kali na machungwa. Mtu wa Nanighi, kando ya Mto Tana nchini Kenya, anayeijua barafu kama kitu cha kupozea maji ya kunywa, yuko karibu na bingwa huyu kuliko anavyodhani.

Alianza na viatu vya magurudumu. Mjini Ocala yuko kocha mmoja, Renee Hildebrand, ambaye mikononi mwake wamepita Jackson, Brittany Bowe na Joey Mantia. Wote watatu walitoka kwenye magurudumu wakaingia kwenye barafu, na wote wakarudi nyumbani na medali za Olimpiki. Mji mmoja wa joto, kocha mmoja! Jackson mwenyewe alikuwa na shahada ya uhandisi kabla hajaigusa barafu kwa dhati mwaka 2017, na miezi michache tu baadaye akafuzu Olimpiki za Pyeongchang za 2018. Huko alimaliza wa 24. Wengi wangeridhika na hapo.

Miaka minne baadaye, kwenye mchujo wa Marekani mjini Milwaukee, akiwa ndiye anayeongoza duniani kwa mita 500, aliteleza kidogo tu akaangukia nafasi ya tatu. Nafasi za kwenda Beijing zilikuwa mbili. Bowe, aliyeshinda mchujo huo, akamwachia nafasi yake. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika habari hii, kwa sababu mwanamichezo hufanya kazi miaka minne kwa ajili ya nafasi kama hiyo, na Bowe aliitoa akijua kwamba mwenzake ana uwezo zaidi yake katika mbio hizo. Baadaye Marekani iliongezewa nafasi, na Bowe naye akakimbia.

Tarehe 13 Februari 2022 Jackson alitumia sekunde 37.04. Miho Takagi wa Japani alikuja nyuma yake kwa sekunde 0.08. Ukipiga hesabu, Jackson alikwenda kwa mwendo wa wastani wa karibu kilomita 49 kwa saa, kuanzia kusimama tuli; bodaboda kwenye barabara ya vumbi ingehangaika kumfikia. Akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya mtu binafsi katika Olimpiki za Majira ya Baridi. Na tangu Bonnie Blair mwaka 1994, hakuna Mmarekani mwanamke aliyekuwa ameshinda mbio hizo.

Je, wajua kwamba wakimbiaji wa barafu hushindana wawili wawili, wakipambana na saa? Njia ya ndani ni fupi, kwa hiyo kila mzunguko hubadilishana njia, na anayetoka nje kuingia ndani ndiye mwenye haki ya kupita kwanza. Wembe wa kiatu nao umefungwa kwa bawaba mbele tu. Kisigino kinapoinuka, wembe unabaki barafuni ukiendelea kusukuma. Viatu vya namna hiyo vilipoenea miaka ya 1990, rekodi zilianza kuvunjwa moja baada ya nyingine.

Mbio hizi zina mabingwa wengine wa kukumbukwa. Ireen Wüst wa Uholanzi alishinda dhahabu katika Olimpiki tano mfululizo, kuanzia 2006 hadi 2022. Lidia Skoblikova wa Umoja wa Kisovieti alizoa zote nne za wanawake mwaka 1964.

Na kwetu? Mto Tana hupata sehemu ya maji yake kutoka mitelemko ya Mlima Kenya, ambako chini ya barafu ya Lewis kuna kidimbwi kiitwacho Curling Pond, kilichopewa jina la mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu. Barafu ya Lewis yenyewe imeyeyuka karibu yote.

Mwanamke wa kwanza wa Kenya kushiriki Olimpiki za Majira ya Baridi ni Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, kwenye pwani ya Kenya. Alihamia Austria akiwa mtoto mdogo, na baba yake wa kambo ndiye aliyemfundisha kuteleza kwenye theluji. Mwaka 2018 alibeba bendera ya Kenya huko Pyeongchang, akiwa mwakilishi pekee wa nchi.

Nairobi, uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari ulifunguliwa mwaka 2005. Hapo ndipo ilipozaliwa timu ya hoki ya Ice Lions, na baadhi ya wachezaji wake walianzia kwenye viatu vya magurudumu, kama Jackson. Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa katika shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Uwanja wa Panari ni mdogo mno kwa mbio za kasi, ambazo zinahitaji mzunguko wa mita 400, na hakuna wa ukubwa huo Afrika Mashariki. Msichana wa Tana River anayetaka kuanza atahitaji viatu vya magurudumu, kofia ngumu na kipande cha lami isiyo na mashimo.